Mshale wa Mia Nane

Siku ya arobaini ya Fundi Rajabu nilikwenda Buyenzi kwa miguu. Mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini, gari langu lilikuwa limelala uani kwangu Nyakabiga wiki ya tatu sasa, na waendesha baiskeli walikuwa wakijibu abiria kwa maringo. Nilibeba kilo tatu za sukari, nikatembea taratibu kwa sababu goti langu la kulia halinitii tena, na njia nzima nilijiambia kwamba nitakaa nusu saa tu, nitampa mkono Mama Zaituni, mjane wake, nitakula kidogo cha kuondoa lawama, kisha nirudi. Sikurudi hadi alasiri, na kilichonichelewesha ni gari. Wanaume walikuwa sebuleni wakisoma khitma, wanawake wako nyuma kwenye masufuria ya pilau, na katikati ya hayo yote, chini ya bati la gereji, lilisimama gari la bluu la Mesiye Anselme, mteja wa zamani wa gereji, limepauka, tairi moja imelala. Mwenyewe alipofariki, binti yake alilileta hapo akaliacha, akisema halimjui fundi mwingine. Nilichungulia dirishani. Kando ya saa ya mwendo ilikuwepo ile saa ya mizunguko, kioo chake kina ufa ule ule nilioutia mimi kwa bisibisi. Wengine hulia kwa kuona picha ya marehemu. Mimi nilisimama pale na sukari yangu mkononi, nikalia kwa kuona saa ya gari.

Kwa asiyejua magari niseme mapema: saa ya mizunguko ni ile yenye mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mafundi wa Buyenzi waliiita kontituri, kwa Kifaransa chao cha gereji. Magari mengi ya zamani hayakuwa nayo, na katika yale yaliyokuwa nayo mara nyingi ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeilia. Mwaka ninaousimulia hapa nilijua siri moja iliyofungwa kwenye saa hiyo, na niliamini kwa miaka thelathini na mitano kwamba mjini kote tulikuwa watu watatu tu tunaoijua.

Wazazi wangu walikuwa watu wema na hawahusiki na habari hii, kwa hiyo nitawaacha wapumzike. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina diploma ya umeme ya shule ya ufundi, na nimepanga chumba Nyakabiga chenye kitanda, jiko la mkaa na dirisha linalotazama choo cha jirani. Maofisini niliambiwa nirudi nyumbani nisubiri barua. Nilisubiri miezi minne, nikachoka na choo cha jirani, nikavaa suruali ya kaka yangu na kwenda Buyenzi kwa Fundi Rajabu, ambaye mji mzima ulimwita Sikio. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, kofia nyeupe kichwani, glasi ya chai mkononi. Aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele. "We mutoto wa kike," akasema, "unajua umeme, ao unajua diploma?" Nikamwambia, "Vyote viwili, Muzee." Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha basi dogo ambalo taa zake zote, hata za mbele, zilikuwa zinawaka kila breki inapokanyagwa, akasema, "Tutaona," na nilipolimaliza kabla chai yake haijapoa, aliinuka mwenyewe akanifungulia stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba. Ikawa chumba changu cha umeme.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba zote nilizoishi. Kilikuwa na meza moja, betri moja, taa ndogo ya kupimia niliyoiunga mwenyewe, na rafu tatu zilizojaa saa zilizong'olewa kwenye magari yaliyokufa: saa za mwendo, za mafuta, za joto, zote zikinikodolea macho. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, na ng'ambo ya mbao ndipo palipokuwa jiko la Mama Zaituni, mke wa Sikio. Kwa hiyo nilifanya kazi katikati ya harufu mbili, ya risasi ya kulehemu na ya vitunguu, na hadi leo nikikaanga vitunguu mikono yangu hutafuta waya. Saa sita Mama Zaituni aligonga mbao mara mbili, nikatoka, tukala: wali na maharage, siku nyingine bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka hadi wanavunjika, na chai ya tangawizi inayowasha koo. Ramadhani ilipoingia nilisema nami nitafunga mchana, kwa heshima. Alinikatalia palepale. Aliniletea sahani ndani ya stoo, akafunga mlango, akasimama nje kama mlinzi. "Kula, mwanangu," akasema. "Mungu wako hakukukataza."

Sasa nieleze kwa nini alikuwa Sikio. Katika uwanja ule palikuwa na desturi ambayo sijaiona gereji nyingine. Gari likishafungwa kila kitu, kabla ya kumpa mwenyewe, Fundi Rajabu alisimama mbele ya boneti na kuinua mkono mmoja. Hapo kila kitu kilinyamaza. Nyundo ziliwekwa chini, redio ilizimwa, muuza sambusa aliyekuwa akipita getini alisimama na beseni lake, na hata kina mama wa nyumba ya jirani waliacha kutwanga. Tulikiita kimya cha Sikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ya tatu iko nakohoa," na ukifungua silinda ya tatu, kweli, unakuta ugonjwa wake. Watu walileta magari kutoka Kinanira na Kibenga, wakubwa wa maofisi waliokuwa na gereji zao za kulipiwa na serikali, ili tu wasikie Sikio amesema nini. Kuhusu saa za mizunguko alikuwa na neno moja: "Kontituri ni ya mutu asiyekuwa na masikio." Alilisema mbele ya rafu zangu bila aibu, nami nilikasirika kimoyomoyo, maana kipimo kwangu ni kipimo.

Mwaka ule ule alianza kuuma bisibisi. Badala ya kuubana mpini sikioni, aliushika kwa meno. Hakueleza, na hakuna aliyemwuliza. Wiki mbili baadaye Shabani, fundi wake mkuu, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye mabega mapana na mdomo usiofunga, alianza kuuma naye. Wakafuata wengine. Mwezi ulipoisha, ukipita barabara zote za Buyenzi unaona mafundi wameinama kwenye injini na bisibisi mdomoni kama mbwa waliookota mfupa. Shabani aliuma kwa bidii hadi akavunja pembe ya jino la mbele. Nilimcheka sana. Nilimwona mfuasi asiye na akili yake mwenyewe, na nilimwambia. "Shabani, we huna kichwa." Akanionyesha jino lake, akacheka, akaenda zake.

Ndipo likaja gari la bluu. Mesiye Anselme alikuwa mtumishi wa serikali wa Kinanira, mwembamba, tai shingoni hata Jumamosi, na kila alichokiona alikisimulia ofisi nzima. Sifa za Sikio maofisini zilikuwa mdomoni mwake. Gari lake la silinda nne lilikuwa limechoka, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule lilitakiwa kumpeleka binti yake kanisani kufunga ndoa. "Fundi, mi nataka isinitie haya mbele ya watu, c'est tout, ni hilo tu," alisema. "Injini tu. Hiyo kontituri nimeshaizoea, inaruka, inakufa, iache ife." Shabani alishaanza kufungua boneti. Sikio alikuwa anamtazama Mesiye Anselme mdomoni, makini sana, kama anayehesabu meno yake. Halafu akasema jambo ambalo lilitushangaza wote. "Apana. Gari haitoki hapa na saa yenye kufa. Conso ataitengeneza." Conso ni mimi, Consolate. Nilifurahi kijinga. Nilidhani hatimaye amekubali kwamba kipimo ni kipimo.

Nilianza palipo rahisi, jinsi nilivyofundishwa. Saa ya mizunguko hupata habari zake kwa waya mmoja unaotoka kwenye koili: kila cheche ikipigwa, waya unapeleka pigo moja, na saa inayahesabu mapigo. Waya ulikuwa umechubuka pale unapopita kwenye bati kuingia ndani, nikaubadilisha. Mshale ukaruka bado. Nikasafisha kutu pale umeme unaporudia kwenye bodi. Ukatulia kidogo, nikashangilia, injini ilipopata moto ukalala sifuri. Basi ugonjwa uko ndani ya saa yenyewe. Nilipoifungua bisibisi iliteleza ikapasua kioo, na hapo subira yangu ikaisha. Siku zilikuwa zinakwenda. Kwenye rafu yangu kulikuwa na saa nyingine ya ukubwa ule ule, imetoka kwenye gari kubwa lililogongwa zamani. Niliichomeka. Mshale ulipanda, ukatulia, ukakaa kama mtu aliyeshiba. Sikuangalia nyuma ya saa. Mimi niliyemwambia mwenzangu hana kichwa, sikuangalia nyuma ya saa.

Siku ya pili Sikio aliinua mkono, kimya kikatanda. Aliuma bisibisi, akazungusha skurubu ya kabureta, akaenda mlangoni kuchungulia mshale, akarudi kwenye boneti, akazungusha tena, akaenda tena mlangoni. Mara nne. Mshale ulipofika mia nane, ambao ndio mpumuo wa kawaida wa injini isiyokwenda popote, alifuta mikono. "Mia munane. Voilà, iko sawa." Haikuwa sawa. Injini ilikuwa inanguruma kama imekanyagwa mafuta. Sauti ile ilijaa uwanja, ikagonga bati, ikatoka getini. Nilitazama watu. Kila mtu alikuwa anatazama chini. Muuza sambusa alimtazama Sikio, akamtazama Shabani, akaondoka na beseni lake bila kuuza. Shabani alisema kwa sauti kubwa, "Sawa kabisa, Muzee!" na kesho yake nilimkuta ameipandisha injini ya teksi moja vilevile, na ya pili, na ya tatu, zote zinanguruma. Nilikwenda stoo nikang'oa saa yangu nyingine kutoka rafu ile ile, nikaigeuza. Nyuma yake palikuwa na namba ndogo ya idadi ya silinda. Sita. Ilitoka kwenye gari la aina moja na lile la saa niliyoiweka.

Hesabu yake ni nyepesi na ndiyo iliyonitia jasho. Saa ya silinda sita hutarajia mapigo matatu kwa kila mzunguko. Injini ya silinda nne hutoa mawili. Kwa hiyo saa hiyo inapunja theluthi. Ikisema mia nane, injini iko elfu moja na mia mbili. Nilitaka kukimbia nje palepale niseme nimekosea. Nilifika mlangoni nikasimama, kwa sababu swali jingine lilikuwa limenishika: mimi nilikosea saa, sawa, lakini Sikio alisimama mita moja kutoka kwenye injini ile. Elfu moja na mia mbili hata kipofu angeisikia. Je, yeye?

Jibu lilinijia saa sita, kwa njia ya sahani ya maharage. Nilikuwa nimefungiwa stoo nakula, na Sikio alikuwa ameingia jikoni kupumzika, maana saumu ilikuwa imembana. Siku zile majirani walisema Mama Zaituni amekuwa mkali, anamfokea mumewe kutwa, ndoa imefika ukingoni. Mimi pia niliamini. Sasa nilimsikia anafoka ng'ambo ya mbao, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza maneno. "Waambie, Baba Zaituni! Hata Conso peke yake, mwambie!" Yeye akajibu, naye kwa sauti kubwa, bila kujua ni kubwa: "Nikisema, mi nabaki nani? Watu wanakuja hapa sababu ya sikio. Hii haisikie tena, ni nyama tu." Mama Zaituni akasema, "Utaharibu gari ya mutu!" Na yeye: "Ndiyo maana nimeomba kontituri. Macho yangu iko muzima." Kisha sauti ya mama ikavunjika. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Ndiyo maana mzee alianza kuuma bisibisi: alitafuta kwa meno mtetemo ambao sikio halikumpa tena. Na mama yule hakuwa mkali. Alikuwa anampenda mtu asiyesikia, na hakuna namna ya kumpenda mtu asiyesikia kwa kunong'ona. Niliona aibu hadi masikio yangu yenyewe yakawaka. Mzee huyu alikuwa ameweka jina lake lote juu ya mshale wangu, na mshale wangu ulikuwa mwongo.

Mesiye Anselme angekuja Jumamosi asubuhi. Ilikuwa Jumatano. Angewasha, angesikia ngurumo, na kufikia Jumatatu ofisi zote zingejua kwamba Sikio amezeeka. Kukiri mbele ya watu nisingeweza, ingawa kosa lilikuwa langu kweli: ningesema "saa ilikuwa mbovu," na mtu yeyote angeuliza, "Kwani yeye hakusikiliza?" Ukweli wangu ungemvua nguo. Kwa hiyo nilirudi kwenye saa ya zamani, ile yenye ufa. Kwa kuwa ilikufa ikipata moto, niliiweka juu ya bati juani nikaiacha iungue, kisha nikaigonga kidogokidogo kwa mwiko wa Mama Zaituni nikiichungulia kwa kioo cha kukuzia. Kwenye mguu mmoja wa kifaa kidogo palikuwa na duara jembamba kama unywele: risasi imeachia. Ikipoa inagusa, ikipata moto inatengana. Kazi ya dakika moja ya kulehemu. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu ya haraka.

Lakini nani angenithibitishia kwamba sasa inasema kweli? Sikuwa na kipimo kingine, na sikio la kuamini halikuwepo tena. Nilifikiria usiku mzima, na asubuhi nilikwenda na transfoma ndogo niliyoitoa kwenye redio yangu. Umeme wa mjini hupiga mara hamsini kwa sekunde, Nyakabiga na Buyenzi na kwa mkubwa wa Kinanira vilevile. Mapigo hamsini kwa saa ya silinda nne ni elfu moja na mia tano. Niliiunga ile yenye ufa: mshale ukaenda elfu moja na mia tano, ukakaa. Nikaunga ndugu wa ile mwongo niliyoiweka garini: elfu moja kamili. Sijawahi kufurahi hivyo kwa ajili ya namba. Nilibusu saa, na Mama Zaituni, aliyekuwa amechungulia, aliniuliza kama nimepata mchumba.

Ijumaa wanaume walipokwenda msikitini nilibadilisha saa. Sikio alirudi wa kwanza, miguu yake haina udongo, kanzu imenyooka. Niliwasha gari. Nilisimama mbele yake, nikamtazama usoni, nikatamka polepole midomo ikionekana: "Muzee, angalia." Akainama mlangoni. Mshale ulikuwa elfu moja na mia mbili. Aliutazama muda mrefu. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, nami nikaona anaelewa yote mawili, kwamba gari lilikuwa linapiga kelele siku tatu, na kwamba mimi ninajua. Aliponigeukia macho yake yalikuwa yamejaa. Nilikwenda mlangoni palipo na mshale, na yeye akaenda kwenye boneti, akauma bisibisi, na nikainua vidole, kila kimoja mia: kumi, kisha viwili. Akazungusha. Kumi. Akazungusha. Tisa. Nane. Injini ikashuka, ikawa kama mtu aliyelala. Shabani na wenzake walikuwa wameshaingia getini wamesimama. Shabani akauliza, "Muzee, mbona jana ilikuwa juu?" Sikio aliusoma mdomo wake, akafuta mikono taratibu. "Nilikuwa naifungua kifua," akasema. "Injini ikitoka matengenezo unaiacha juu siku tatu, inakohoa uchafu wote. Halafu unaishusha." Shabani akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa elimu, na jioni akazishusha teksi zake zote tatu. Hadi leo, mafuta yakiwepo, utaona vijana wa Buyenzi wanaacha injini inanguruma siku tatu, na ukiwauliza watakujibu wanaifungua kifua. Hakuna kitabu chochote chenye jambo hilo.

Jumamosi Mesiye Anselme alikuja na tai mpya na ua kwenye koti. Aliwasha, akasubiri, akateremsha kioo. "Mbona haisikiki? Imewaka ao?" Uwanja mzima ukacheka, naye akamkumbatia Sikio hadi kofia ikaanguka. Mwaka ule uliobaki tulifanya hivyo kwa kila gari. Ile saa mwongo niliirekebisha, nikaifunga kwenye ubao na nyaya mbili, na mkono wa Sikio ulipoinuliwa na kimya kikatanda, mimi nilisimama mlangoni nikionyesha vidole chini ya kiuno, watu wasione. Hatukulizungumza kamwe. Siku moja tu aliniletea chai mwenyewe hadi stoo, akaketi kwenye debe, akatazama rafu zangu. "Wale wanaongea?" akauliza. Nikamjibu, "Wanaongea, Muzee, lakini lazima uangalie kwanza ni wa nani." Sijui kama aliona neno hilo midomoni mwangu. Alikunywa chai yote. Mwisho wa mwaka nilipata kazi ya umeme katika hospitali, nikaondoka, na usiku mwingi baada ya hapo nilijiuliza nani anamwonyesha vidole. Niliona nimemtupa. Kila nilipomtembelea nilimkuta bado ni Sikio, na sikuthubutu kuuliza.

Siku ya arobaini Shabani ndiye aliyenikuta nalia dirishani. Sasa ana mvi tupu, lakini lile jino liko vilevile. Alinipokea sukari. "Dada Conso, kontituri yako ingali mzima," akasema. Na mimi, kwa kuwa mzee ameshakwenda na kwa kuwa pilau ilikuwa bado, niliona ni wakati wa kumwambia. Nilimweleza saa ya silinda sita, transfoma, vidole, yote. Nilisimulia kwa madaha, nakiri. Siri ya miaka thelathini na mitano ina ladha yake. Shabani alinisikiliza hadi mwisho akichezea mfuko wa sukari.

"We unazani ni we tu?" akasema. "Conso, injini ya elfu na mia mbili! Hata muuza sambusa alisikia. Tulikaa siku ile, mi na wenzangu wote. Tukasema, kama ni gari moja tu iko nanguruma, watu watauliza. Lakini kama ni nne, itakuwa dawa ya Buyenzi." Nikamwuliza, na bisibisi? Akaweka kidole kwenye jino lake. "Mutu mumoja akiuma bisibisi, ni mugonjwa. Buyenzi nzima ikiuma, ni ufundi." Nilikumbuka nilivyomwambia hana kichwa, nikatamani ardhi inifunike. "Na nilipoondoka?" nikasema. "Vidole?" Alinitazama kama mtu anayeuliza iwapo maji yanalowesha. "Ni mi, miaka kumi na tisa," akasema, "mpaka akaacha kazi."

Mama Zaituni alikuwa ametoka jikoni na mwiko, mdogo sasa, ameinama, akatusikia. Nikamgeukia. "Mama, na yeye alijua kama wote wanajua?" Alitikisa kichwa. "Apana, mwanangu. Shabani alimwambia we ndiye ulimuweka pahali pako, ulimfundisha we. Yeye amekufa anajua ni Conso na huyu tu. Kila Idi aliniambia, mutoto ule wa diploma hakunivua nguo." Nilikaa chini kando ya tairi iliyolala.

Watu walipomaliza kusoma dua, mkwe wa nyumba alileta chupa ya maji yenye lita moja ya mafuta aliyoyapangia foleni siku mbili, akasema gari hili limekaa sana, tuliwashe, marehemu angependa. Shabani aliingia akageuza ufunguo. Lilikataa, likakataa, likakubali kwa moshi mwingi, kisha likaanza kupumua. Hakuna aliyeinua mkono. Lakini wanaume waliokuwa wanatoka sebuleni walisimama palepale na viatu mkononi, kina mama wakaacha masufuria, mtu akazima redio ya simu yake, na kimya kikatanda uwanjani jinsi kilivyotanda zamani. Nilisogea dirishani kwangu, upande wa abiria. Mshale ulitetemeka chini ya kioo chenye ufa, ukapanda, ukashuka, ukakaa. Mikono yangu ilijikunjua yenyewe, chini ya kiuno, vidole vinane kuelekea kwenye boneti. Nilitazama ng'ambo ya gari. Shabani alikuwa ametoka, amesimama mlangoni kwake, vidole vinane, chini ya kiuno. Mbele ya boneti hapakuwa na mtu.